Cheti Nilichopewa na Kundi la Kazi Safi Sana

Mwalimu Tluway tulimzika Endagikot siku ya Jumamosi, kwenye ile mvua nyepesi ya Mbulu ambayo kwa dakika kumi huioni kitu na kwa saa moja imeshaingia hadi kwenye mifupa. Nilitoka Babati na basi la asubuhi, nimejitanda kanga, mwavuli wangu umevunjika waya mmoja, nikasimama nyuma kabisa pamoja na watu ambao sura zao sikuzijua hata moja. Majina yao ndiyo niliyoyajua, tena ya bandia. Mzee mwenye koti la suti alinishika mkono akaninong'oneza, "Mimi ndiye Nondo Moja." Mama mmoja mwenye rozari akasema yeye ni Simenti Chache, akaanza kulia palepale, nami nikalia naye ingawa dakika moja kabla nilikuwa najizuia nisicheke. Tulikuwa tumechekeshana kwenye kundi la simu miaka na miaka, na ilibidi mwenye kundi afe ndipo tuonane. Binti wa marehemu alisoma wasifu, akafika mahali pa kundi, akasema baba yake alikuwa na sharti moja tu kwa wanachama wake: tunacheka kazi, hatumcheki mtu. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai tukapewa ugali, nyama na kabichi, na maziwa ya mgando kwa waliotaka. Watu wa kundi tulijikuta benchi moja. Kama inavyokuwa kwenye misiba ya watu waliopendwa, tulianza kwa sauti za chini tukaishia kufuta machozi ya kicheko. Nondo Moja akatoa simu yake, akapanguza mafuta kidoleni, akatafuta picha moja aliyosema ameihifadhi kwenye simu nne mfululizo, kila anayonunua anaihamishia. "Hii haijapata mpinzani," akasema, akaizungusha benchi zima. Ilipofika kwangu niliiona: ukurasa wa daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula, mwandiko mzuri wa kulala kidogo, na kwenye kona ya chini dole gumba lenye hina iliyoanza kufifia. Dole lile ni langu. Niliirudisha simu nikasema nyama imeniingia kwenye jino.

Wazazi, ndugu na habari za shule nitaviacha, havina kosa lolote katika hili. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepata kazi ya ukarani wa muda Katesh, kwenye mradi wa afya ya mama na mtoto ambao sasa umekwisha na ofisi yake imegeuzwa ghala la mbolea. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba changu kilitenganishwa na cha mratibu, mama mmoja mpole tuliyemwita Madamu, kwa ukuta wa plaiwudi, hivyo nilijua ndoto zake, dawa zake za presha na maoni yake juu ya kila mmoja wetu. Kulikuwa na meza, kompyuta moja, soketi moja tuliyoigombania kwa kuchaji simu, na dirisha lililokuwa likiutazama Mlima Hanang siku ambazo upepo wa Katesh haukuinua vumbi. Saa nne tulikunywa chai na chapati. Saa saba dereva wetu, Bura, Mwiraqw aliyekulia Nangwa, aliingia na sufuria ya maharage kutoka kwa mama lishe wa jirani, tukala wote tumezunguka meza yangu huku karatasi za watu tumezisogeza pembeni. Nilikuwa napenda kazi ile. Naandika hivi kwa sababu ukisoma yanayofuata unaweza kudhani nilikuwa naichukia.

Kundi nililiingia mwaka huohuo, baada ya kununua simu yangu ya kwanza ya kupangusa. Liliitwa Kazi Safi Sana na halikuwa na kazi safi hata moja. Mtu akiona kituko anakipiga picha anakileta: mlango wa choo cha shule uliopakwa rangi pamoja na bawaba zake hadi ukagoma kufunguka, bomba la maji lililosimikwa vizuri, likajengewa hadi sakafu, bila kuunganishwa na mpira wowote, tangazo la mkutano wa dharura utakaofanyika mwezi ujao, daftari la mahudhurio ambalo mlinzi alikuwa amejisaini zamu zake zote hadi sikukuu. Utamu wake ulikuwa kwenye majibu. Wa kwanza kujibu alitakiwa aandike kama ofisi: "Kazi imekaguliwa na kupokelewa. Mkandarasi aongezewe kazi nyingine." Wengine wote wanafuata na neno moja, "Imepita." Mwishoni anakuja Mwalimu Tluway, ambaye kule aliitwa Mkaguzi, na hukumu yake. Alikuwa na namna ya kuandika Kiswahili cha barua za serikali kwa utulivu mkubwa hadi unaanguka kitini. Kila mwisho wa mwezi alitoa cheti, amekichora mwenyewe kwa mkono na muhuri wa viazi, akakipiga picha. Nilikitaka cheti kile. Mtu mzima, mwenye kazi, nilikuwa naamka nawaza cheti cha muhuri wa viazi.

Kwenye mradi, kila kijiji kilikuwa na mhudumu mmoja wa kujitolea, na kazi yake kubwa mwaka ule ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuandikisha kaya: jina la mwenye kaya, idadi ya wake, watoto chini ya miaka mitano, choo kipo au hakipo, maji yako umbali gani. Madaftari yalikuja kwangu niyaingize kwenye kompyuta. Penye upungufu nilitakiwa nipige simu, niulize, nijaze. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, imeandikwa kwenye barua yangu ya ajira. Na wahudumu wote walijua kwamba mwisho wa mwaka Madamu angechagua mmoja kutoka kila kata ampeleke chuoni mwaka mzima, akirudi aajiriwe kwenye zahanati. Kwa upande wa kata ya Dirma watu walikuwa wameshamtaja mmoja tu, Udaghwenga.

Nilimwona kwanza kwenye semina, mwanamke wa Kibarabaig wa miaka thelathini hivi, mrefu, bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, amefika Katesh alfajiri juu ya lori la mahindi na bado ndiye wa kwanza kukaa kwenye benchi la mbele. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba na aliandika kila kitu, hata vichekesho vya mwezeshaji. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama chini juu, akasema, "Wewe ndiye unaandika kwenye mashine?" Nikasema ndiye. "Basi sisi ni watu wa kazi moja. Mimi naandika kwa miguu." Wakati wa chakula alikaa karibu yangu, akaniambia habari ya chuo bila kuzunguka. Mwaka uliopita, alisema, shemeji yake alijifungulia njiani wakimpeleka zahanati, wakarudi na mmoja badala ya wawili. "Nikipata ile nafasi mimi, nitakaa kulekule kwetu. Hatutazaa njiani tena. Nataka sana. Watu wanasema usiseme kitu unachotaka sana, mimi nasema." Na jioni ile, nyuma ya plaiwudi, nilimsikia Madamu akimwambia mtu kwenye simu kwamba wa Dirma hana mashaka naye, yule mama ameshapita, bado daftari tu.

Daftari lake lilikuja na basi, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki ili lisilowe. Lilikuwa zuri kuliko yote yaliyowahi kupita mezani kwangu. Nyumba themanini na kitu, safu zimenyooka, hakuna kufuta. Kisha nikafika ukurasa wa tatu nikaona kaya ya kumi na nne: wake watatu, watoto sita, choo hakipo, maji nusu saa kwa mguu, na mahali pa jina la mwenye kaya hapana kitu. Nikageuza. Kaya nyingine hivyohivyo, na nyingine. Zilikuwa kumi na moja. Wake wamehesabiwa, watoto wamehesabiwa, mwenye nyumba hayupo. Nilicheka peke yangu, na nasema kweli kwamba katika kicheko kile hapakuwa na chuki. Nilijua daftari ni la nani. Nilijua pia kwamba nilikuwa na wiki tatu sijaleta kitu cha maana kwenye kundi. Nikaweka dole gumba juu ya jina la kijiji, maana sharti la Mkaguzi nililiheshimu, nikapiga picha, nikaandika chini yake: "Mradi umegundua nyumba kumi na moja zilizojijenga zenyewe."

Sijawahi kupendwa na watu wengi kwa wakati mmoja kama siku ile. Simenti Chache aliandika kwamba nyumba hizo zipewe hati na zipige kura. Imepita, imepita, imepita, hadi simu ikapata moto. Watu waliipeleka kwenye makundi mengine, ikaenda Babati, ikaenda Arusha, ikanirudia kutoka kwa binamu yangu wa Singida akiniuliza kama nimeiona hii. Mkaguzi alikuja saa kumi jioni na hukumu yake: "Ofisi imepokea taarifa ya nyumba tajwa. Wenye nyumba watafutwe baada ya mavuno. Cheti cha mwaka." Si cha mwezi. Cha mwaka. Nililala nikiwa na furaha ya kipuuzi ambayo mpaka leo naikumbuka ladha yake, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Siku ya pili yake nilikaa sasa kuingiza daftari lile kwenye kompyuta. Nililifunua tangu mwanzo, na ndani ya jalada nikaona maneno ya penseli ambayo sikuyaona mara ya kwanza kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kufika kwenye kituko. Alikuwa ameandika hivi: "Majina ambayo mimi siwezi kuandika nimeweka nukta. Mtendaji wa kijiji atajaza kabla ya kugonga muhuri. Akisahau, ofisi inipigie, nitampa mtu mwingine simu awatajie." Chini yake namba. Nikarudi ukurasa wa tatu. Nukta ilikuwepo, ndogo, mahali pa jina, na nyingine, zote kumi na moja. Muhuri wa mtendaji ulikuwepo pia, umegongwa kwa nguvu juu ya daftari ambalo ni wazi hakulifungua.

Bura alipoleta maharage nilimwuliza, kama kwa utani, kwa nini mtu aweze kuandika majina ya watu sabini na kumi na moja yamshinde. Alitazama ukurasa kidogo tu. "Hawa ni baba mkwe wake na ndugu za baba mkwe," akasema. "Rehema, yule ni mke wa watu. Mke wa Kibarabaig hataji jina la baba mkwe. Hataji hata neno linalofanana nalo, anatafuta neno lingine. Aandike? Kwenye kitabu cha ofisi, kisomwe na kila mtu?" Akacheka, akamega ugali. "Angeandika hayo, hapo ndipo ungesema huyu mama ameharibikiwa. Kila mtu anajua hilo." Sikujua. Nilizaliwa na kukulia Katesh, dukani kwetu waliingia wanawake wa Kibarabaig kila siku ya mnada, wakanunua shanga na tumbaku, na sikujua. Nilimwuliza Bura kama amewahi kusikia kundi la Kazi Safi Sana. Akasema simu yake ni ya tochi.

Siku zile ukishatuma picha umetuma, hakuna kufuta kwa wote. Lakini ningeweza kuandika mistari miwili kwenye kundi nieleze. Niliiandika mara tatu nikaifuta mara tatu, kwa sababu niliona jinsi kicheko kitakavyogeuka na kuja kwangu, na cheti kitakavyorudi. Nikajiambia picha haina jina, haina uso, haina kijiji. Nilipiga ile namba, Udaghwenga akampa simu wifi yake, wifi akanitajia majina kumi na moja, nikayajaza. Ilichukua dakika sita. Nikalirudisha daftari kabatini likiwa kamili, nikaona nimeshamaliza.

Kumbe Madamu alikuwa na makundi yake. Wiki ya uchaguzi nilisikia sauti yake nyuma ya plaiwudi, akizungumza na mkubwa wake wa Babati. Alisema ukurasa ule aliutambua mara tu alipouona kwa sababu safu zake ni za mradi wetu, na akaenda kabatini akalinganisha mwandiko. Alisema amesikitika, Udaghwenga alikuwa chaguo lake la kwanza. "Lakini nikimpeleka huyu halafu ijulikane ndiye yule wa picha, tutachekwa mkoa mzima. Na kama mtu anaacha majina kumi na moja hivihivi, zahanati atafanya nini? Dozi ataziacha pia?" Kati yangu na yeye palikuwa na ubao mwembamba kuliko kidole. Ningegonga tu. Ningesema, Madamu, soma ndani ya jalada. Angeniuliza swali moja, nani alipiga picha, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule na niliambiwa utaongezwa. Nilikaa nimeshika kipanya cha kompyuta hadi simu yake ikaisha, akatoka, akaniomba nimpigie chapa barua. Niliipiga. Aliyechaguliwa ni kijana wa kijiji kingine cha kata ileile, daftari lake limejaa kila safu. Bura alisema baadaye kwamba kijana yule alilijaza akiwa amekaa mahali pamoja, kwa majina ya watu aliosoma nao.

Barua za kutochaguliwa tulizipeleka kwa gari, na Madamu alinituma mimi niende na Bura. Nyumbani kwa Udaghwenga tulimkuta na mama mkwe wake. Nilimpa yule bibi shikamoo, akanishika kichwani, tukakaribishwa ndani kwenye giza zuri la nyumba ya udongo lenye harufu ya moshi na maziwa. Nilipewa maziwa kwenye kibuyu, mazito, yenye ladha ya mkaa wa mti wanaosafishia vibuyu. Udaghwenga aliisoma barua amesimama mlangoni penye mwanga. Aliisoma polepole, akaigeuza aone kama nyuma kuna maneno mengine. Kisha akaja akakaa mbele yangu.

"Kosa langu ni nini?" akaniuliza. "Wewe ndiye unaona kazi zetu. Niambie, nisirudie."

"Hakuna kosa, dada. Nafasi zilikuwa chache."

"Barua inasema chache. Mimi nakuuliza wewe. Yale majina yalikamilika? Wifi alikutajia yote?"

"Yalikamilika."

"Basi aliyechukuliwa kazi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu."

Bura alikuwa ananitazama. Hakujua habari ya picha, lakini alikuwa mtu mwenye akili, na nadhani aliona kitu usoni kwangu. Mama mkwe naye alikuwa ananitazama, akitabasamu, akisubiri nimalize maziwa. Nilisema, "Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa, akakunja barua mara nne, akaniongezea maziwa. Mkataba wangu uliongezwa miezi sita. Cheti cha mwaka nilikihifadhi kwenye simu hadi simu ile ikafa, na sikukitafuta tena.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Mwalimu Tluway nilimtafuta Bura, ambaye siku hizi anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Nangwa. Nilimwomba namba ya Udaghwenga, sikumweleza kitu. Baada ya saa moja alinitumia namba. Niliipiga asubuhi nikiwa dukani kwangu Babati, nimefunga mlango nusu ili wateja wadhani nimetoka. Aliitikia marahaba yake ileile, akauliza ni nani mwenzake, nikasema Rehema, yule wa mashine, wa mradi. Akanikumbuka, akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikamwambia yote. Picha, kicheko, maneno ya penseli, plaiwudi, ile "Ndiyo" yangu mbele ya mama mkwe wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na pengine niliyataka.

"Kwa hiyo daftari lilikuwa zuri," akasema.

"Lilikuwa zuri kuliko yote."

"Mimi nina binti, wa kwanza," akasema. Sauti yake haikupanda. "Alifaulu kidato cha nne, akaitwa chuo cha uuguzi. Baba yake alikubali. Ng'ombe wa kuuza alishatengwa. Mimi ndiye nilikataa. Nilimwambia, mama yako alifanya ile kazi kwa moyo wake wote, akaambiwa kuna wazuri kuliko yeye. Kama ile haikutosha, ya kwako itatosha nini? Nikasema usiende kuaibika kwa watu. Alilia sana. Sasa ameolewa, ana mtoto mmoja, na mwingine yuko njiani."

Nilisema samahani. Neno lenyewe lilitoka dogo.

"Ungeniambia siku ile umekaa kwangu," akasema. "Ningekasirika, Rehema. Ningekasirika sana, halafu ikaisha."